Mlango Mweupe wa Nyabweso

Nyabweso Mpya, kwa anwani ya Misheni, Musoma
3 Novemba 1974

Kaka Zephania,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba kila jioni, binti yangu Winifrida amejifungua mtoto wa kike, na kati ya mbuzi watano wamebaki wawili. Nakuombea kifua chako kikuache ulale katika baridi hiyo yenu.

Sasa nikueleze, maana najua redio ya huko haitakwambia. Hatuko tena mlimani. Mwezi wa nane Wambura, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita nyumba kwa nyumba akisema ifikapo Jumamosi kila mtu awe ameshuka barabarani, kwenye viwanja vya kijiji cha ujamaa vilivyopimwa kwa kamba. Nikamwambia, "Wambura, na mguu huu nitashukaje?" Akajibu, "Mama, utashuka na lori au utashuka na mgambo. Chagua usafiri." Akacheka peke yake.

Jumatatu Wambura na mgambo waliezua paa la nyumba ya mama. Halafu wakasukuma ukuta, ukaangukia ndani. Minyaa ya uani wameichoma moto. Kaburi lake lipo, lakini ukisimama huku chini unaona mawe tu, na mvua ijayo majani yatafunika hata pale mlango ulipokuwa.

Kwa hiyo naomba daftari langu. Ni lile la karatasi laini ulizokuwa ukiniletea kutoka kiwanda cha chapa cha misheni, zile za kufunikia picha kwenye Biblia kubwa. Michoro kumi na miwili. Nilikuazima mwaka 1962 ulipoondoka kwenda kuwafundisha Waswidi Kiswahili, ukasema utakaa miaka miwili. Mchoro wa mwisho ni nyumba yenyewe, mama ameketi mlangoni akitazama njia ileile uliyoondokea baadaye. Sina kitu kingine duniani kinachoonyesha pale mahali palivyokuwa. Nimekuomba mara nne. Hii ni ya tano.

Dada yako,
Jerioth


Farsta, Stockholm
12 Januari 1975

Jerioth, mdogo wangu,

Marahaba, na hongera kwa mjukuu. Huku jua linachungulia saa tatu kasoro na ikifika saa tisa alasiri limeshachoka. Kifua changu ni kilekile. Jumapili huja Mueni, binti wa Kikamba anayefanya kazi hospitali moja ya Södertälje. Hupanda treni mpaka mjini, kisha treni ya chini ya ardhi mpaka kwangu, ananipikia ugali wa ngano na kunigombeza bila kupumzika. Ndiye aliyesoma barua yako kwa sauti, maana macho yangu yamekuwa ya kubahatisha.

Imenichoma. Mlisimama tu? Watu wazima wa Nyabweso mnatazama ukuta wa mama unasukumwa, hakuna hata mmoja aliyepanda juu ya paa akakaa? Wambura namjua tangu akiwa na kamasi. Ningekuwepo mimi, angenitoa pale kwa machela. Wewe ulichagua lori!

Ngoja niandike jambo zuri, maana hasira inanibana pumzi. Nimekwisha kukutajia zile picha za Kijapani ninazokwenda kuzitazama kwenye nyumba ya makumbusho, zile za milima na maji zilizopigwa chapa kwa mbao. Wiki iliyopita Mueni alinipeleka tena kwa gari la rafiki yake. Kuna moja ya daraja wakati wa mvua. Mvua yenyewe ni mistari myembamba ya wino, imelala upande mmoja, na bado ukitazama unataka kujifunika kichwa. Kuna nyingine ya kijiji katika theluji. Je, unajua theluji yao wanaipaka rangi gani? Hawaipaki. Ni karatasi tupu, pale ambapo ubao umechongwa ukaondolewa. Kitu cheupe kuliko vyote pale ni kile ambacho hakikuguswa. Na mbingu yao ya buluu: juu imekolea, inashuka ikififia kidogo kidogo mpaka huwezi kusema imeishia wapi. Mpiga chapa hufanya hivyo kwa kitambaa chenye maji, ubao kwa ubao, nakala kwa nakala. Mueni alisimama pale akasema, "Mzee, hii ni kama Kitui mvua ikikaribia, ama ni mimi nina njaa?"

Daftari lako liko salama.

Kaka yako,
Zephania


Nyabweso Mpya
2 Machi 1975

Kaka,

Shikamoo. Mjukuu ameota jino moja. Mahindi ya huku yamekauka. Hizo ndizo habari.

Ulitaka nipande juu ya paa. Nina miaka hamsini na minane na mguu kama buyu la maji. Niliyekuwepo ni mimi. Aliyemwosha mama ni mimi, mwaka 1969, nikaikalisha maiti siku mbili kwa sababu ulituma simu ya maandishi kwamba theluji imefunga uwanja wa ndege na huenda ikafunguka. Haikufunguka. Nikamzika bila wewe. Sasa unanifundisha ujasiri kutoka chumba chenye hita?

Tena usinitumie mvua za Wajapani. Nikiomba changu, unanieleza vya watu. "Liko salama" uliandika 1966, ukaandika 1968, ukaandika 1970, ukaandika 1972. Kitu kilicho salama hutumwa.

Mchungaji Boniface anakuja Stockholm mwezi wa tano, kwenye mkutano wa makanisa. Atakuja mpaka mlangoni kwako. Mpe daftari mkononi. Usimpe posta, usimpe maneno.

Jerioth


Farsta
20 Aprili 1975

Jerioth,

Salamu zako nimezipokea, hata zile ulizoziacha. Daktari ameniambia, kwa upole wao huu wa kutisha, kwamba moyo umepanuka na nisifanye mipango ya mbali. Nilimuuliza mbali ni wapi. Akasema, "Vuli." Kwa hiyo nitasema kabla Boniface hajabisha hodi.

Daftari halipo. Halikupotea wala halikuibwa na mgeni. Nililimaliza mimi.

Nianze pale makumbusho, mwaka 1964. Niliingia kujikinga na baridi tu. Nikaona picha moja ya Kijapani, kilima cha mawe kando ya maji. Aliyeichora hakutia kivuli. Jiwe zima ameliweka kwa mstari mmoja unaonenepa mgongoni na kukonda ubavuni. Nilisimama nikatokwa machozi, na mlinzi akaniletea kiti. Alidhani ni uzuri. Ilikuwa hasira. Mstari ule nilikuwa naujua. Binti wa baba yetu Mashauri, wewe, aliuchora Nyabweso kwa kalamu ya chuma na masizi, hajafundishwa na mtu. Na mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba kwa msichana darasa la nne linatosha. Wewe ulikuwa mlango wa pili ukisuka ukili. Najua ulisikia.

Nikaenda kujifunza. Bibi mmoja Mswidi, Ingegerd, aliyelelewa Japani na wazazi wamisionari, alikuwa na darasa la jioni hapa Farsta. Alitufundisha kwamba kule picha moja ilikuwa kazi ya watu watatu: mmoja huchora, mmoja huchonga, mmoja hupiga chapa. Anayejulikana kwa jina ni mchoraji. Nikasema moyoni, vema, nitachonga na kupiga chapa, jina litakuwa la Jerioth. Naapa nilisema hivyo.

Nilijaribu kunakili michoro yako kwenye karatasi nyingine. Mara ishirini. Mstari ulikufa kila mara. Mkono wangu ni wa kupanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha chapa. Sasa sikiliza namna wanavyofanya: karatasi nyembamba yenye mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya ubao kwa gundi ya wali. Mgongo wa karatasi husuguliwa kwa kidole mpaka ubaki utando tu, unapakwa mafuta kidogo, mistari inaonekana. Kisha unachonga kupitia mchoro wenyewe. Ukimaliza, ubao una mistari, na mchoro umekuwa vumbi sakafuni. Wajapani hubandika nakala iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Karatasi zako, zile za Biblia, zilikuwa nyembamba vilevile, kana kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya kubandikwa. Nikabandika za kwako zenyewe. Nilijiambia ndiyo desturi ya kazi. Nilijua si hivyo. Ingegerd aliuliza, "Hizi ni nakala?" Nikasema ndiyo.

Jerioth, zilitoka nzuri. Sitakudanganya hata hilo, ingawa lingenifaa. Buluu ya ziwa nilijifunza kuififisha kwa kitambaa mpaka inapotelea kwenye karatasi. Mvua yako ya upande wa Ukerewe, ile uliyoichora kwa mistari saba tu, watu waliishikia pumzi. Mwaka 1969 maktaba ya hapa ikafanya maonyesho ya picha kumi na moja. Walipouliza jina la kuandika, nilikuwa na kalamu mkononi. Nikaandika Z. Mashauri. Gazeti likasifu "jicho la mzee kutoka Afrika". Jicho langu! Nililikata nikaliweka kwenye Biblia, na kila nikifungua Biblia naona uongo kabla sijaona neno la Mungu. Baadaye nikalichonga jina kwenye kila ubao, kwenye kona, ili nakala zisije na swali.

Nimekasirika miaka sita. Nimewakasirikia Waswidi kwa kunisifu, Wambura kwa kubomoa, wewe kwa kuomba. Nilikwambia upande juu ya paa kwa sababu mtu aliyebomoa anapenda kusikia habari za wabomoaji wengine.

Siombi msamaha. Sina muda wa kuustahili. Nimesema tu.

Zephania


Nyabweso Mpya
29 Juni 1975

Zephania,

Winifrida hajambo. Mtoto hajambo. Sitaki salamu zako safari hii, na shikamoo yangu itakaa huku mpaka nijue naipeleka kwa nani.

Boniface amerudi mikono mitupu. Nilimuuliza, "Umeona nini kwake?" Akasema, "Mama, kaka yako ni msanii! Ukuta mzima una picha za nyumbani, na jina lake chini. Mvua ile, mama, nilitaka kukunja suruali." Nilitaka kumpiga kibao, mtumishi wa Mungu asiye na kosa. Nikamkaribisha chai.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaisoma tena, kwa sababu uliandika zilitoka nzuri. Hata ukiungama unajisifia ufundi. Ulikuwa na njia ya kuniandikia mwaka 1964: "Jerioth, nimeona watu wanaochora kama wewe." Mstari mmoja tu. Ningeishi na mstari huo. Sijachora tangu uondoke, Zephania. Nilikuwa nangoja daftari lirudi ndipo nianze jingine. Miaka kumi na mitatu nimekaa kama mjinga anayengoja sufuria iliyoazimwa ndipo apike.

Hukuomba msamaha, na umefanya vizuri, maana sina. Ninachotaka ni mbao. Zote kumi na mbili. Hizo ndizo daftari langu sasa. Na kila ubao uondoe jina lako. Usiweke langu. Mkono wako umekwisha shika vyangu vya kutosha. Acha tundu.

Jerioth


Farsta
17 Agosti 1975

Jerioth,

Anayeandika ni Mueni, mimi nasema nikiwa nimelala. Ameniuliza, "Mzee, niandike kila kitu ama nikusaidie kupunguza?" Nimemwambia apunguze kitu kimoja tu, kikohozi.

Mbao zimeondoka. Sanduku limepanda meli Gothenburg, Boniface atalipokea Dar es Salaam na kulisafirisha. Jina nimelitoa mwenyewe kwenye kila ubao, kwa patasi ndogo, siku kumi na moja. Siku ya kwanza patasi ilinikata kidole. Mueni akasema, "Hata mbao zimekukasirikia." Nikacheka, nikashindwa kuacha kucheka, akaita daktari.

Sasa la pili, ambalo sikuliandika mwezi wa nne kwa sababu nilitaka kubaki na kitu kimoja cha kuficha.

Mwaka 1969 hakukuwa na theluji. Yaani ilikuwepo, haikosi huku mwezi wa pili, lakini ndege ziliruka kila siku. Simu yako ilifika Jumatano. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa Jumamosi. Nilikwenda posta nikakuandikia uwanja umefungwa. Mama alikaa siku mbili akinisubiri, na mimi nilisimama maktaba nimevaa tai.

Mchoro wa kumi na mbili, ule wa nyumba, nilikuwa bado sijauchonga. Niliubandika baada ya mazishi. Nikachonga mawe, nikachonga minyaa, paa, njia. Nikafika mlangoni. Mama ni mdogo pale, hazidi kidole gumba, na macho yake ni vidoti viwili. Vilikuwa vinanitazama. Ulisema anatazama njia niliyoondokea. Kumbe anayechonga hukaa palepale njiani. Nilimtazama usiku huo na mchana uliofuata. Kisha nikamchonga akatoka. Nilimwondoa, Jerioth. Kila nakala niliyopiga, mlango ni mweupe. Watu walisifu weupe ule. Walisema ni kama theluji ya Wajapani, ni kile kisichoguswa.

Ubao ukishachongwa haurudi. Lakini mafundi wa Kijapani wana njia ya kusahihisha: hukata tundu la mraba palipoharibika, wakapachika kipande kipya cha ubao, kikakaa imara. Tundu nimelikata. Kipande cha mpeasi, mti mgumu wa matunda wa huku, nimekitengeneza, kinaingia bila gundi. Nilijaribu kumchora mama juu yake. Nimeharibu vipande tisa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa yeye. Vyote vilikuwa vikongwe wa Kiswidi. Cha kumi ni kitupu. Kimo sandukuni, katika karatasi ya sukari, pamoja na patasi ndogo. Kumbuka kukichora kinyume, kushoto kiwe kulia, ndipo chapa itoke sawa.

Nakuambia hivyo kama fundi. Kama kaka sina la kukuambia.

Zephania

(Mama Jerioth, mimi Mueni naongeza kidogo. Hajui naandika hapa. Kila asubuhi ananiuliza kama meli imefika. Nimemwambia meli ni meli, si basi.)


Nyabweso Mpya
14 Desemba 1975

Kaka Zephania,

Mtoto anatambaa. Mvua zimenyesha vizuri, hata huku kwenye viwanja vya kamba. Mueni, kama ni wewe unayesoma, msomee polepole, na asipotaka kusikia, msomee vilevile.

Sanduku limefika. Wambura alikuja na wajumbe wawili kuuliza ni mali gani hiyo kutoka Ulaya. Nikamwekea ubao wa nyumba mapajani. "Ipapase," nikamwambia. "Unaijua? Paa uliloezua hilo hapo." Alipapasa kwa vidole mpaka akafika kwenye tundu. Akaondoa mkono haraka, akaaga.

Habari ya theluji nimeisikia. Siku mbili zile niliweka majani mabichi chini ya mama, nikafukuza nzi kwa kanga, nikiwaambia watu, "Kaka yuko njiani." Sitakuandikia nilivyohisi niliposoma. Karatasi ni ya Boniface na anaweza kuisoma.

Wino nilitengeneza wa masizi na gundi, kama zamani. Karatasi nyembamba sina, nimetumia ya kufungia majani ya chai. Nilisugua kwa mgongo wa upawa. Ubao wa mvua nilianza nao. Zephania, ulisema zilitoka nzuri. Ni kweli. Hilo limeniudhi kuliko yote: patasi yako haikunikosea hata mstari mmoja. Ungeweza kuwa mchongaji wangu. Tungekuwa wawili, na majina mawili, na watu wangekuja kutuona wote.

Kisha nikachukua kipande chako. Siku ya kwanza mkono ulikataa. Ya pili nikachora kuku, kumcheka mkono. Ya nne nikamchora mama, kinyume, kama ulivyosema kama fundi, nikamchonga nje ya mlango wa Winifrida jua likiwa juu. Vumbi lake nimelifagia nikalizika kaburini.

Hatazami njia tena. Nimemgeuza. Amesimama, amekupa mgongo, anaingia ndani. Nilitaka kumchora pia akiufunga mlango nyuma yake, lakini kipande ulichokata ni chembamba, mlango haukuenea. Kwa hiyo umebaki wazi. Usifikiri ni mimi.

Nakala ya kwanza hiyo hapo. Kwenye kona, palipokuwa jina lako, nimeandika langu kwa kalamu ya risasi. Waambie waondoe nyingine zote ukutani, waiweke hii mahali utakapoiona ukiwa umelala.

Shikamoo.

Jerioth Mashauri